Watenda Kazi Wasiodai Ujira

Mahubiri juu ya Kumbukumbu la Torati 22:6-7

Neno hili ni kwenu ninyi nyote mlio katika sharika za Tarime na Serengeti, ninyi wa milimani penye kahawa na migomba, na ninyi wa nyikani karibu na mbuga. Kabla hamjaendelea, nawaomba mfungue Biblia zenu mahali nilipopataja hapo juu, mkazisome aya zile mbili pamoja na watu wa nyumbani mwenu. Ni aya fupi, na wengi huzipita upesi, kwa kuwa zasimulia habari za kiota cha ndege tu. Mtu akikuta kiota njiani, na mama yu juu ya mayai au makinda, Mungu ampa ruhusa kuyachukua makinda. Bali mama hana ruhusa kumchukua, sharti amwachilie huru.

Sasa iangalieni ahadi iliyofuatana na agizo hili. Ni heri na siku nyingi, yaani ahadi ile ile aliyoitoa Mungu katika amri ya nne, kwa wote wawaheshimuo baba na mama. Je, kwa nini ahadi kubwa hivi kwa ajili ya ndege mmoja? Kwa sababu achukuaye makinda amekula chakula cha leo. Bali achukuaye mama pamoja na makinda amekula cha leo, na cha kesho, na cha watoto wake. Mungu amturuhusu mwanadamu kuvuna, lakini hakumruhusu kuiharibu asili ya mavuno. Neno hili nataka tulitie mioyoni leo, si kwa habari za ndege, bali kwa habari za nyuki na wadudu wengine wayatembeleao maua ya bustani zetu. Nami nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja wa usharika niutumikiao, maboga ya akina mama yalikataa kuzaa. Mashina yalitambaa vema, majani yakawa mapana, maua yakafunguka kila asubuhi. Lakini viboga vilipofika ukubwa wa yai la kuku vilinyauka, vikawa vya manjano, vikaanguka. Mambo yakawa hivyo misimu miwili mfululizo. Ninyi mwajua boga ni nini katika nyumba ya mkulima: majani yake ni mboga, tunda lake ni chakula cha watoto, na mbegu zake hukaangwa. Basi watu wakaanza kunong'ona. Katikati ya bustani zile palikuwa na bustani ya bibi mmoja mjane, asiye na mtoto wa kumsemea. Wakasema ana kijicho. Wakasema ameonekana alfajiri akitembea kati ya mashina ya wenzake. Kanisani wakaanza kusogea mbali naye katika benchi, na Jumapili ya Chakula cha Bwana yule bibi hakuja mezani. Wazee wa kanisa waliponiletea habari hii niliogopa sana, maana sote twajua kwamba neno la namna hii laweza kuanza kwa boga na kuisha kwa damu.

Nikamwendea nyumbani kwake, nikamwuliza, "Bibi, alfajiri ulikuwa ukitafuta nini katika bustani za wenzako?" Akanijibu, "Mwanangu Mchungaji, nilikwenda kutazama kama na yao yameanguka kama yangu." Maana viboga vyake pia vilikuwa vimeanguka vyote, wala hapana mtu aliyekwenda kumtazamia.

Kesho yake nikakaa katika bustani zile tangu saa moja asubuhi hata saa nne. Maua yaliyofunguka yalikuwa mengi. Nikaona sisimizi, na nzi wawili watatu. Nyuki sikumwona hata mmoja. Ndipo nikakumbuka bustani ya chuo tulikosomea uchungaji, na mwalimu wetu aliyetufundisha kulima pamoja na kuhubiri. Alituonyesha kwamba shina moja la boga lina maua ya namna mbili. Ua dume lina kijiti ndani yake chenye unga wa manjano, ambao watoto shuleni huuita chavua. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake hata kabla halijachanua. Unga wa ua dume usipofika ndani ya ua jike, kiboga kile hufa. Upepo hauwezi kuuchukua, kwa kuwa ni mzito na wa kunata. Sharti awepo wa kuuchukua, tena mapema, maana ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba karibu na adhuhuri, wala halifunguki mara ya pili.

Basi nikawaita akina mama wale, na yule bibi pamoja nao. Nikachuma maua dume, nikaupaka unga wake ndani ya maua jike kumi, na kila moja nikalifunga uzi mwekundu. Baada ya juma moja tukarudi sote kutazama. Viboga vinane kati ya kumi vilikuwa vikikua. Visivyofungwa uzi vilikuwa vimeanguka karibu vyote. Watu wakanyamaza kimya. Mama mmoja, aliyesema kuliko wote, akapiga magoti mbele ya bibi akamshika mikono, akalia. Hivyo Mungu alituonyesha ya kuwa tulikuwa tumeivunja amri ya nane, kwa kumshuhudia uongo mjane asiye na kosa.

Lakini bibi alikuwa na swali. "Mchungaji," akasema, "nyuki wenyewe wamekwenda wapi?" Hapo mzee mmoja mfuga nyuki, ambaye mizinga yake ya magogo imetundikwa katika miti kando ya shamba la usharika, akajibu kwa heshima na kwa upole: "Mchungaji, mimi niliwazoa chini ya mizinga yangu kwa mikono miwili, siku zile ulipopiga dawa mahindi."

Ndugu zangu, maneno yale yalinichoma. Mnakumbuka mwaka 2017, viwavijeshi vamizi vilipoingia katika nchi yetu kutoka mbali, vikala mahindi hata ndani ya kiini. Tangu wakati ule mabomba ya dawa yamekuwa mengi vijijini, hata kwa watu ambao zamani hawakuyajua. Mimi nami nilinunua dawa, nikapiga shamba la usharika mahindi yalipokuwa yametoa mbelewele, tena nilipiga asubuhi, kwa sababu jioni nilikuwa na darasa la kipaimara. Hindi halimhitaji nyuki, kwa kuwa unga wake huchukuliwa na upepo. Lakini nyuki hulihitaji hindi, naye huijia mbelewele asubuhi kuchuma unga ule uwe chakula cha majana wake mzingani. Basi walikuja kutafuta chakula cha watoto wao, nami nikawapa mauti. Watu walikuwa wakimtafuta mchawi wa maboga, na mwenye kuyadhuru alikuwa mimi niliyesimama mimbarini. Jumapili iliyofuata nikaungama mbele ya usharika, nikamwomba radhi mzee yule, nikamwomba radhi na bibi, ambaye aliteswa kwa ajili ya tendo langu.

Nimewasimulia haya ili mtu asidhani kwamba jambo la nyuki ni dogo. Tuwatazame basi, tuone ni watu wa kazi gani hawa. Alizeti humtegemea nyuki ili kichwa chake kijae mbegu. Parachichi, tikiti na tango humhitaji mdudu. Kahawa yetu ya milimani yaweza kuzaa bila yeye, lakini akija huzaa vizuri zaidi. Pasheni humngojea yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye boriti za nyumba, ambaye sisi humfukuza kwa fagio. Nyuki wadogo wasiouma, wakaao katika mashimo ya miti na nyufa za kuta, nao wana sehemu yao. Tena wako nondo, wayaendeao maua ya mpapai usiku, na popo, wayatembeleao maua ya mbuyu na ya mwegea sisi tukiwa tumelala. Ndizi na mihogo twaweza kuipata bila hao, lakini nyumba yenye ndizi na mihogo peke yake haina mchuzi, haina tunda la mtoto mgonjwa, wala haina cha kupeleka sokoni Sirari au Mugumu. Mwaka 2016 wataalamu waliotumwa na mataifa mengi walikutana Kuala Lumpur wakatoa taarifa yao, ya kuwa katika aina kuu za mazao ya chakula ulimwenguni, zaidi ya robo tatu hutegemea kwa kiasi fulani wadudu na wanyama wachukuao chavua. Tena wakaonya ya kuwa wengi wa hao wanapungua.

Na mtu akiwaua, nani atafanya kazi yao? Katika wilaya ya Hanyuan, jimbo la Sichuan, nchi ya China, tangu miaka ya 1980 wakulima wa mapeasi walipanda juu ya miti wakapaka chavua kwa mikono, ua baada ya ua, kwa manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye vijiti vya mianzi. Dawa zilikuwa zikipigwa mno wakati wa maua, hata wenye mizinga wakakataa kuileta karibu. Nami kwa maua yangu kumi tu nilitumia nusu ya asubuhi! Nani kati yetu atamlipa kibarua wa kupaka kila ua la shamba la alizeti? Nyuki huifanya kazi hiyo tangu Mungu alipouumba ulimwengu, wala hajaja hata siku moja mlangoni kwetu kudai ujira.

Na ninyi wa Serengeti, mliao juu ya tembo watokao mbugani na kukanyaga mashamba yenu, sikieni na neno hili. Mwaka 2007, katika nchi ya Kenya, mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kwamba tembo wakisikia sauti ya nyuki waliokasirika hukimbia. Baadaye wakulima wa Sagalla, karibu na mbuga ya Tsavo, walizungushia mashamba yao mizinga iliyotundikwa na kuunganishwa kwa waya, hata tembo akigusa waya mizinga yote hutikisika; na mara nyingi tembo waligeuka wakarudi. Lakini palipokuwa na ukame mkali na maua yakakosekana, nyuki walihama, na uzio ukapoteza nguvu zake. Basi, mnyama mkubwa wa nchi kavu amwogopa mdudu mdogo wa Mungu, na mdudu huyo huilinda shamba ya mtu, ila kwa sharti moja, kwamba naye apate maua na maji.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, Kanisa la Kilutheri lina neno gani na wadudu?" Namjibu: kasome Katekisimo Ndogo uliyoikariri ulipokuwa mwanafunzi wa kipaimara. Katika kifungu cha kwanza cha imani twakiri kwamba Mungu ametuumba sisi pamoja na viumbe vyote. Na katika ombi la nne Dr. Martin Luther afundisha kwamba mkate wa kila siku si chakula cha sahani peke yake. Ni shamba pia, na mifugo, na hali njema ya hewa, na jirani waaminifu. Nasi tuombapo mkate, twamwombea na yeye auletaye. Basi, mtu anawezaje kuomba mkate Jumapili, na Jumatatu kumwua mtumishi aliyetumwa kuuleta? Tena mwaka 1534 Luther alimwandikia mtumishi wake, Wolfgang Sieberger, aliyekuwa ametega mitego ya ndege, barua ya mzaha kwa niaba ya ndege wa Wittenberg, wakimshtaki kwamba awanyang'anya uhuru waliopewa na Mungu. Ulikuwa mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na neno la kweli, kwamba kiumbe aweza kumshtaki mtu mbele ya Muumba wake. Na katika Biblia, yule nabii mwanamke aliyewaamua Israeli chini ya mtende aliitwa Debora, na maana ya jina hilo kwa Kiebrania ni nyuki.

Basi, ndugu, turudi kwenye kiota cha somo letu, tuone yatupasa kufanya nini. Nitasema mambo matano.

Kwanza, habari za dawa. Sisemi kwamba mtu aone viwavi wakila chakula cha watoto wake akae kimya. Lakini asipige dawa kwa hofu au kwa mazoea. Aanze kwa kupita shambani akiwaokota viwavi kwa mkono wakiwa bado wadogo. Ikiwa hana budi kupiga dawa, asipige maua yaliyofunguka. Apige jioni, nyuki wakiisha kurudi mzingani. Asome maandishi ya chupa, asizidishe kipimo. Jioni hupunguza madhara, haiyaondoi yote. Kwa hiyo amwambie mapema jirani mwenye mizinga. Wala bomba lisioshwe mtoni, maana nyuki hunywa hapo, na ng'ombe, na watoto wetu.

Pili, habari za kurina asali. Hapa somo letu lasema waziwazi kabisa. Wako warina asali ambao huchoma mzinga au mti mzima kwa mienge, wakaua nyuki, wakakamua masega yenye majana pamoja na asali. Huyo amechukua mama na makinda pamoja. Mkristo atumie moshi, si moto. Atwae masega yenye asali, ayaache yenye majana, na asali nyingine aiache iwe chakula cha wenye nyumba. Kitabu cha Mithali chasifu asali, tena chaonya juu ya kuila kupita kiasi. Na kiasi hicho ni kwa tumbo la mtu na kwa mzinga pia.

Tatu, habari za miti. Nyuki hali mahindi ya ghalani. Chakula chake ni maua, na maua mengi ya nchi hii yako juu ya miti. Twaikata kwa mkaa, twaikata kwa kuni za kukaushia tumbaku, kisha twashangaa mizinga ikiwa mitupu. Kila nyumba ya Mkristo iache ua wa miti na vichaka vyenye kuchanua kuzunguka bustani, na iotesheapo miti ichanganye ile ambayo maua yake hufuatana mwezi kwa mwezi.

Nne, habari za makao. Si nyuki wote wakaao mzingani. Wengi huishi mmoja mmoja, wakichimba vishimo katika udongo mkavu au wakikaa ndani ya vijiti vilivyooza. Mwache kipande kidogo cha ardhi pasipo kulimwa wala kuchomwa moto. Wakati wa kiangazi wekeni chombo cha maji chenye vijiwe ndani yake, wapate kutua wasizame.

Tano, habari za ulimi. Boga lisipozaa, usitafute jina la mtu. Tafuta kwanza nyuki. Tazama ua asubuhi, chungulia chini ya jani, waulize wazee na bwana shamba. Mungu hakutupa macho ili tuyafumbe mchana na kuota ndoto za wachawi usiku. Ni mara ngapi mjane, au mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, amelipa kwa aibu, hata kwa uhai wake, kosa ambalo halikuwa lake!

Ndugu zangu, najua ya kuwa sheria hii yatushtaki sote. Hapana kati yetu asiyechoma, asiyekata, asiyepiga dawa, asiyenong'ona. Kama neno la Mungu lingekuwa sheria tu, tungeondoka kanisani na huzuni. Lakini Bwana wetu Yesu Kristo alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mbawa zake. Sheria ya Musa ilimwachilia mama huru, Yeye hakuachiliwa. Alikamatwa, akauawa, ili sisi makinda tuwe huru. Aliyesamehewa kwa bei kubwa namna hiyo hawezi tena kukitazama kiumbe cha Baba yake kama kitu cha bure. Hawalindi nyuki ili apate kuokoka. Awalinda kwa sababu ameokoka, naye ajua nyumba hii ni ya nani.

Bibi yule alirudi katika Meza ya Bwana, akaketi katika benchi lile lile, na mama aliyemsingizia akaketi karibu naye. Mzee alisafisha mizinga yake, akaipaka nta ndani, akaitundika tena. Msimu wa kwanza hakuingia nyuki. Msimu wa pili, baada ya mvua za masika, pumba moja liliingia katika mzinga mmoja. Mzee hakuurina mwaka ule. Aliniambia, "Mchungaji, hawa niwaache kwanza, wazoee kwamba hapa pana amani." Na katika bustani ya bibi, maboga mengine sasa huzaa pasipo uzi mwekundu.

Na tuombe. Ee Mungu, Baba yetu, uliyeumba vyote na kuviona kuwa ni vyema, twakushukuru kwa watenda kazi wako wadogo, ambao kwao watulisha. Utusamehe tuliowaua kwa haraka zetu, na wanadamu wenzetu tuliowajeruhi kwa ndimi zetu. Utufundishe kuvuna bila kuharibu, na kutazama kabla ya kushtaki. Uwabariki wakulima na wafugaji wa Tarime na Serengeti, wajane na yatima wao, bustani zao na mizinga yao, kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.